Je, Wajua? Stimu Imeisha, Mbona Hofu Bado Ipo?

Wapo wengi wanaotembea na hofu wasiyoisema. Walivuta bangi mara moja na wenzao, au walipewa keki bila kuambiwa kilichomo, wakapata kiwewe cha saa mbili tatu. Stimu iliisha siku ileile, lakini wiki zinapita na moyo bado unashtuka bila sababu. Wakimwona mtu njiani anaongea na simu huku akiwatazama, wanadhani anawasema wao. Nyumbani hawasemi kwa aibu, hospitali hawaendi kwa kuogopa sheria. Safu ya leo ni yao na ya wanaowapenda. Hali hii inajulikana, ina maelezo, na wengi hupona. Kinachochelewesha kupona, mara nyingi, ni kimya.

SAA ILE YENYEWE

Je, wajua kwamba THC, kemikali inayolewesha ndani ya bangi, inaweza kumtuliza mtu kwa kiasi kidogo na kumtia hofu kwa kiasi kikubwa? Mwaka 2017 watafiti wa Chicago, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 42. Kila mmoja alimeza kidonge, kisha akakaa mbele ya watu asiowajua, akafanyiwa usaili wa kazi na kutakiwa kupunguza 13 mfululizo kutoka namba ya tarakimu 5, tena kwa kichwa. Waliopata miligramu 7.5 za THC walisumbuka kidogo kuliko waliopata kidonge kitupu. Waliopata miligramu 12.5 walikuwa na hali mbaya kabla hata ya kuanza, na zoezi lenyewe wakaliona tishio. Kati ya utulivu na hofu palikuwa na miligramu 5 tu, na kijiweni hakuna mzani wa kuzipima.

Je, wajua kwamba THC huongeza mapigo ya moyo kwa 20 hadi 50 kwa dakika, ndani ya dakika chache baada ya kuvuta? Kwa kijana mwenye moyo mzima, mbio hizo hushuka zenyewe. Kinachomtisha ni maana anayozipa: "Nakufa." Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, hata hivyo, mzigo huo ni hatari ya kweli, na maumivu ya kifua hayafai kupuuzwa kwa mtu yeyote.

Je, wajua kwa nini aliyevuta huona giza akisimama ghafla? Bangi hulegeza mishipa ya damu, presha ikashuka pale mtu anaponyanyuka. Akae au alale chini, hali hiyo itapita.

Je, wajua kwamba bangi iliyoliwa ni ya kuogopwa zaidi na mgeni kuliko ile ya kuvuta? Ya kuvuta hufika kichwani kwa dakika chache. Ya kula hupita tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza THC kuwa kemikali nyingine ambayo nayo hulewesha vikali. Dalili huanza baada ya dakika 30 hadi saa 2, na zinaweza kudumu saa 6, 8 au zaidi. Mtu huona kimya, akaongeza kipande, na vyote viwili vikamfikia kwa pamoja.

Je, wajua kwamba jambo hilo lilimpata hata mwandishi mashuhuri? Mwaka 2014, jimbo la Colorado lilipoanza tu kuuza bangi madukani, Maureen Dowd wa New York Times alimega chokoleti ya bangi katika hoteli mjini Denver. Hakuona kitu, akamega tena. Alijikunja kitandani kwa saa 8 akiwa na shaka na maono ya ajabu, mpaka akaamini kwamba amekufa na hakuna aliyemwambia. Baadaye alielezwa kwamba kwa mgeni chokoleti ile ilipaswa kukatwa vipande 16. Kwenye kifungashio hapakuandikwa hivyo.

Je, wajua kwamba bangi ya leo si ile ya enzi za wazazi wetu? Katika shehena zilizokamatwa Marekani, wastani wa THC ulikuwa takriban asilimia 4 mwaka 1995 na ukafika takriban 12 mwaka 2014. Kwetu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania imekuwa ikionya kuhusu skanka, bangi yenye THC nyingi kuliko ya kawaida. Mzee anayesema "sisi tulivuta na hatukupata kitu" anazungumzia mmea uliokuwa na nguvu ndogo zaidi.

Je, wajua kwa nini bangi haizimi pumzi ya mtu mzima kama heroini inavyofanya? Vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inazojishikiza, ni vichache mno katika sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji. Hofu ya "nitasahau kupumua" huwajia wengi, na hapo ni hofu tu inayosema. Mtoto mdogo ni jambo tofauti. Aliyekula biskuti au keki yenye bangi anaweza kulala asiamke na pumzi zikalegea, kwa hiyo akimbizwe hospitali bila kusubiri.

KICHWANI KUNA NINI?

Je, wajua kwamba mwili wako unatengeneza kemikali inayofanana kazi na THC? Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga THC nchini Israeli mwaka 1964. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani wakagundua kipokezi chake ubongoni, kinachoitwa CB1. Mwaka 1992 ikapatikana anandamidi, kemikali ya mwili wenyewe inayoshika kipokezi hichohicho. Kazi yake mojawapo ni kusaidia kuuweka ubongo kwenye usawa: mtu asiogope mno, asichangamke mno. THC huingia na kushika vipokezi hivyo kwa nguvu na kwa muda ambao mwili haukuupanga.

Je, wajua kinachotokea vipokezi hivyo vikizibwa? Mwaka 2006 Ulaya iliruhusu rimonabanti, dawa ya kupunguza unene iliyofanya kazi kwa kuziba CB1. Mwaka 2008 ikasimamishwa, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipatwa na wasiwasi, sonona na hata mawazo ya kujiua. Mfumo huu ukizidishiwa ni taabu, ukizibwa ni taabu.

Je, wajua kwamba CB1 vimejaa katika amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga mbiu ya hatari? THC nyingi ikifika hapo, mbiu inaweza kupigwa bila adui. Mtu huyo hajidekezi wala haigizi. Mwili wake umeambiwa kuna simba, naye anautafuta uso wa simba huyo kwa kila aliye karibu.

Je, wajua kwamba shaka ya bangi imewahi kupimwa kwa sindano? Profesa Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake waliwachukua watu wazima 121 wasio na ugonjwa wa akili, ambao wote walishawahi kutumia bangi angalau mara moja. Baadhi walidungwa THC, wengine sindano isiyo na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: nusu ya waliopata THC walipatwa na mawazo kwamba watu wana nia mbaya nao. Watafiti walipofuatilia njia ya shaka hiyo, waliona THC kwanza iliwaletea wasiwasi, huzuni na kujidharau, kisha ikabadili milango ya fahamu: sauti zikawa kubwa, rangi zikawa kali. Mtu anayejiona duni, aliyejaa wasiwasi, na anayesikia kila mnong'ono kwa ukubwa, atauelekeza mnong'ono huo kwake.

Je, wajua kwamba katika jaribio hilohilo, 3 kati ya 10 waliodungwa sindano isiyo na dawa nao walishuku watu? Kudhani "wananisema mimi" kunampitia binadamu wa kawaida katika siku ya kawaida. Anayejishangaa kwamba bado ana mawazo hayo wiki tatu baada ya bangi huenda alikuwa nayo hata zamani, ila hakuwa anayahesabu.

KWA NINI HOFU INABAKI?

Je, wajua kwamba THC haina haja ya kuwepo ili hofu iendelee? Ubongo unaweza kujifunza hatari kwa somo moja tu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyepata kiwewe akiwa kwenye daladala hushtuka akipanda daladala. Aliyekipata usiku huanza kuogopa saa ya kulala. Ushtukaji huo ni kumbukumbu, wala si dalili kwamba ubongo umeharibika.

Je, wajua jinsi kumbukumbu hiyo inavyofutika? Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani na wenzao waliwazoesha panya kusikia mlio na kisha kupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baadaye mlio ukapigwa mara nyingi bila shoti. Panya wa kawaida walitulia taratibu. Panya waliozaliwa bila vipokezi vya CB1 waliendelea kuganda kwa hofu muda mrefu zaidi. Hapo pana masomo mawili. La kwanza, mfumo uleule unaosumbuliwa na bangi ndio unaosaidia kusahau hofu, kwa hiyo unahitaji kuachwa upumzike. La pili, hofu hupungua pale mlio unaposikika bila shoti. Anayejifungia ndani hajaupa ubongo wake nafasi ya kuusikia mlio huo mtupu. Anayetoka kidogo kidogo anaupa.

Je, wajua kwamba hofu hujizungusha yenyewe? Mwaka 1986 David Clark, mwanasaikolojia Mwingereza, alieleza mzunguko huo: moyo unadunda, mtu anadhani ni ugonjwa wa moyo, wazo hilo linamtisha, na woga unaufanya moyo udunde zaidi. Shambulio la hofu huanza hivyo, na kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha likashuka. Aliyewahi kulewa bangi vibaya huwa ameongeza sentensi yake kwenye mzunguko: "Ile hali imerudi."

Je, wajua kwa nini vidole na midomo hufa ganzi wakati wa hofu? Mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka, akatoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, vidole huwasha na kufa ganzi, kichwa kikawa chepesi, kifua kikabana. Wengi huona dalili hizo wakaamini ni kiharusi. Kuzipunguza, vuta pumzi kwa pua pole pole, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa dakika kadhaa.

Je, wajua kwamba kujilazimisha kutowaza jambo hulileta zaidi? Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaambia wanafunzi wasimuwaze dubu mweupe, na wakimuwaza wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Waliporuhusiwa baadaye kumuwaza, walimuwaza kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa. "Sitaki kuwaza siku ile" ni amri ambayo ubongo hautii. Acha wazo lije, lisikupe kazi, endelea na shughuli uliyoishika.

Je, wajua kwamba daktari aliyefundisha dunia nzima somo hilo alianza kwa kuugua mwenyewe? Claire Weekes wa Sydney, Australia, aliyezaliwa mwaka 1903, akiwa kijana aliambiwa kimakosa kwamba ana kifua kikuu. Hata baada ya kosa hilo kujulikana, moyo wake uliendelea kwenda mbio. Rafiki yake aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza akamwambia kwamba mioyo ya askari mstari wa mbele ilidunda vilevile, kwa sababu ya woga. Kuelewa huko kulimfungua. Mwaka 1962 alitoa kitabu cha kuwasaidia wenye hofu, akitofautisha hofu ya kwanza, ile inayokuja yenyewe, na hofu ya pili, ile tunayoiongeza kwa kuiogopa ya kwanza. Njia yake ni ya hatua nne: ikabili, ikubali, elea nayo bila kupigana nayo, acha muda upite.

Je, wajua kwamba kuna watu ambao baada ya bangi hujihisi wako mbali na nafsi zao? Sauti yao wanaisikia kama ya mtu mwingine, mikono yao wanaitazama kama si yao, nyumba ni ileile lakini haina uhalisia. Hali hiyo madaktari wanaijua vizuri. Mwaka 2003 wataalamu wa London walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 ambao hali hiyo iliwaanza baada ya dawa za kulevya, na bangi ilikuwa mojawapo ya vichochezi vikuu. Dalili zao zilifanana na za wale walioipata bila dawa yoyote, kwa mfano baada ya hofu kali au uchovu wa muda mrefu. Ndiyo njia ya ubongo kujitenga na kinachouzidi. Anayeipata hujipima kila saa kama amerudi, na kule kujipima ndiko kunakoikaza.

Je, wajua kwamba kipimo cha mkojo kuonyesha bangi hakumaanishi bado umelewa? THC hujificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyevuta mara moja inaweza kuonekana siku chache, na mvutaji wa kila siku hata zaidi ya mwezi. Kinachoonekana ni mabaki yasiyolewesha. Wasiwasi wako wa wiki ya tatu hautoki humo.

Je, wajua kwamba kuacha bangi nako huleta wasiwasi wa muda? Anayevuta kila siku akiacha ghafla, hupata hasira za karibu, kukosa usingizi, ndoto nzito na hofu. Dalili huanza siku ya kwanza au ya pili, huwa kali wiki ya kwanza, na nyingi hupungua ndani ya wiki mbili hivi. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba kwa wavutaji wa kila siku, baada ya takriban wiki 4 za kuacha, vipokezi vya CB1 vilirudi kiasi cha kawaida katika sehemu nyingi za ubongo. Asiyejua haya hudhani kuacha ndiko kunamuumiza, akarudi kuvuta wakati mwili ulikuwa unakaribia kutulia.

Je, wajua kwamba shaka hii ina mizizi hata nje ya ubongo? Bangi ni kosa la jinai Tanzania na Kenya. Anayeivuta hujificha, husikiliza hatua za watu, huangalia nani anakuja. Mwili unaojifunza kulewa huku umejificha unajifunza pia kutazama nyuma, na tabia hiyo haikomi siku ya kuacha.

WALIOTUTANGULIA

Je, wajua kwamba daktari mmoja wa Paris alikula hashishi ili awaelewe wagonjwa wake? Jacques-Joseph Moreau alichapisha kitabu chake mwaka 1845, akaeleza jinsi muda unavyorefuka na mawazo ya uongo yanavyong'ang'ania kichwani. Hoja yake ilikuwa kwamba daktari anayeyajua hayo kwa ndani hatamdharau mgonjwa.

Je, wajua kwamba mwaka 1893 na 1894 tume ya serikali ya Kiingereza nchini India iliwasikiliza mashahidi 1,193 kuhusu bangi? Ilikagua pia madaftari ya hospitali za wagonjwa wa akili na kugundua kwamba mara nyingi neno "bangi" liliandikwa kama chanzo cha ugonjwa kwa maelezo ya polisi tu, bila uchunguzi. Hata leo, mtoto akibadilika tabia, ndugu hukimbilia sababu moja: bangi, au amerogwa. Mgonjwa anastahili kuulizwa kabla ya kuandikiwa.

WASIWASI AU UGONJWA WA AKILI?

Je, wajua kwamba swali "je, ninapata wazimu?" mara nyingi huulizwa na mtu mwenye wasiwasi? Mwenye wasiwasi hujihoji: najua pengine si kweli, lakini naogopa. Aliyepatwa na saikosisi, hali ya kupoteza mguso na uhalisia, kwa kawaida hahoji; ana hakika kwamba jirani amemwekea sumu au redio inamtaja jina. Tofauti hiyo inasaidia, ila haitoshi kujipima mwenyewe nyumbani.

Je, wajua kwamba hatari ya saikosisi ni ya kweli, hasa kwa wanaotumia sana? Uswidi iliwafuatilia vijana 45,570 walioitwa jeshini. Ripoti ya mwaka 1987 ilionyesha kwamba waliokwisha kuvuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa akili wa skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta, katika miaka 15 iliyofuata. Mwaka 2019 utafiti wa miji ya Ulaya na Brazil, ulioongozwa na Marta Di Forti wa London, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi kali walikuwa na uwezekano wa karibu mara 5 wa kupata saikosisi kuliko wasiotumia kabisa. Wavutaji wengi hawafikii huko. Lakini mwenye mzazi au ndugu mwenye skizofrenia, na kijana ambaye ubongo wake bado unakua, wana sababu kubwa zaidi ya kukaa mbali.

Je, wajua kwamba kiwewe kimoja ni onyo la kusikilizwa? Anayevuta tena "ili ajaribu kama amezoea" anaurudishia ubongo somo lilelile la hofu. Ushauri wa kwanza wa daktari yeyote utakuwa huo: acha kabisa.

YANAYOICHOCHEA, YANAYOITULIZA

Je, wajua kwamba kahawa kali, vinywaji vya kuongeza nguvu na mirungi huufanya moyo udunde kama ulivyodunda siku ile? Kwa anayepona, mdundo huo unatosha kuamsha kumbukumbu. Vipunguze mpaka utulie.

Je, wajua kwamba usiku mmoja bila usingizi unaweza kupandisha wasiwasi hadi asilimia 30? Watafiti wa Berkeley, California, walilipima jambo hilo na kulichapisha mwaka 2019. Saa ya kulala na ya kuamka isiyobadilika ni dawa ya bei nafuu kuliko zote.

Je, wajua kwamba pombe huikopesha hofu? Jioni inatuliza, alfajiri inarudisha wasiwasi mkubwa kuliko ule wa jana. Vidonge vya usingizi na Valium vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari ni mtego mwingine, kwa kuwa mwili huvizoea upesi.

Je, wajua la kumwambia aliyeshikwa na kiwewe mbele yako? Usimcheke, usimrekodi kwa simu, usimwache peke yake. Mtoe kwenye kelele, mkalishe, mpe maji. Sema kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, nipo hapa, siondoki. Hii ni bangi, itaisha. Tupumue pamoja." Rudia maneno hayohayo kila anapouliza, kwa sababu atasahau kwamba umeshamjibu. Maziwa na ndimu havijathibitishwa kuondoa THC mwilini. Kinachofanya kazi ni muda na mtu anayemwamini.

Je, wajua kwamba benchi na bibi mmoja mwenye subira vimetibu wasiwasi? Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda alianza mpango wake Harare, Zimbabwe, na bibi 14 waliofundishwa kumsikiliza mtu na kumsaidia kupanga jinsi ya kulitatua tatizo moja kwanza. Hukaa naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Kumbe kumwambia shangazi, mjomba au kaka unayemwamini ni mwanzo wa tiba.

Je, wajua kwamba tiba ya mazungumzo kwa hofu hufanywa kwa vitendo? Mtaalamu hukusaidia kuandika unachokiepuka, kisha mnaanza na kilicho chepesi. Kituo kimoja tu cha basi leo, viwili wiki ijayo. Mbio za kupanda ngazi ili uuone moyo ukidunda, kisha ukishuka wenyewe. Mlio bila shoti, mara nyingi, mpaka ubongo uamini. Dawa za wasiwasi zipo pia. Nyingi huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na hazikatishwi bila daktari.

LINI KWENDA HOSPITALI?

Je, wajua dalili zisizosubiri kesho? Kuzimia, degedege, maumivu ya kifua yasiyoachia, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii ilhali stimu imekwisha, kuwa na hakika kwamba watu wanataka kukuua, kukaa siku kadhaa bila usingizi, na mawazo ya kujiua au kujidhuru. Nenda, au mpeleke, saa hiyohiyo.

Je, wajua kwamba hata bila hayo, hofu inayozidi wiki mbili au inayokuzuia kwenda kazini na shuleni inatosha kukupeleka kwa daktari? Tanzania kuna Mirembe mjini Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kidongo Chekundu Unguja. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bure kwa namba 1192. Uganda kuna Butabika jijini Kampala. Lakini si lazima uanzie hospitali kubwa. Zahanati ya karibu itakupima moyo na presha na kukuelekeza.

Je, wajua kwamba siri ya mgonjwa ni sehemu ya kiapo cha kazi ya daktari? Anakuuliza kuhusu bangi ili akutibu. Ukimficha, anaweza kutafuta ugonjwa usiokuwepo na kukupa dawa usiyoihitaji.

Je, wajua kwamba sentensi tatu zinatosha kuanza? Ziandike kwenye karatasi kama ulimi utakuwa mzito: "Daktari, nilivuta bangi tarehe fulani na nikapata kiwewe. Tangu hapo moyo unanienda mbio, nashuku watu, na silali vizuri. Nimeacha, nataka msaada." Kama msomaji si wewe bali ni mwanao au mdogo wako aliyebadilika ghafla na kuanza kufunga mlango, anza wewe kuuliza, bila kumgombeza, na umwahidi kwamba mtakwenda wote. Kisha timiza ahadi hiyo wiki hii.